Kitako cha Mbambakofi

Hadia alikuwa ameketi uani akikwangua mguu wa kitanda mlango ulipobishwa hodi na mwanamke asiyemjua. Mgeni alivaa suruali ya jinzi na fulana nyeupe, na kichwani alikuwa amejitupia mtandio wa haraka haraka, kama mtu aliyeambiwa akiwa botini kwamba Pate hakuingiwi kichwa wazi. Mikononi alikumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwa taulo.

"Namtafuta fundi Hadia," alisema. "Yule anayechonga milango."

"Ndiye mimi. Karibu, Bi."

Watu wengi waliofika pale kutafuta fundi walichungulia nyuma ya Hadia, wakingoja mwanamume atokee ndani. Huyu hakuchungulia. Aliketi kwenye kibao, akalifungua taulo magotini, na ndani yake mlikuwa na vipande viwili vya mti vilivyovunjika pabaya, pale mahali pembamba panaposhikwa na mkono.

Hadia hakuhitaji kuambiwa. Kilikuwa kitako cha bunduki, mti mzima ule wa chini, unaobeba chuma na kuegemezwa begani.

"Naitwa Kagendo," mgeni akasema. "Ni koplo wa polisi, niko Lamu, Amu yenu, mwaka wa pili sasa."

Ndani ya nyumba, sauti ya mbuzi ya kukunia nazi ikanyamaza ghafla.

Kagendo akaeleza upesi upesi, maana aliona uso wa mwenyeji unabadilika. Hii haikuwa bunduki ya doria. Ilikuwa bunduki ya michezo, ya risasi ndogo, ya kulenga karatasi mita hamsini. Yeye alikuwa mlengaji wa timu ya kikosi chake. Wiki iliyopita hamali aliteleza gatini Mokowe, sanduku likamponyoka likaangukia mawe. Chuma kilisalimika, mti ukavunjika. Na Jumamosi ya wiki ijayo, siku kumi na mbili kutoka siku ile, kulikuwa na mchujo Nairobi wa kuchagua timu ya taifa. Kitako kipya kutoka Ujerumani kingechukua miezi mitatu.

"Nimewauliza maseremala watatu Amu. Wote wamesema hawagusi. Wa mwisho akaniambia, nenda Pate, kuna mwanamke, yeye kama mti unakubali kuchongwa, ataujua."

Bi Nana, mama yake Hadia, alikuwa ametoka mlangoni, mikono ingali na nazi.

"Mwanangu," alimwambia Kagendo kwa upole, lakini alikuwa amesimama katikati ya njia ya kuingilia. "Hapa tunafanya milango na vitanda. Bunduki si kazi ya nyumba hini."

"Mama, ni mti tu."

"Mti wa bunduki ni bunduki. Akiya mtu kuniuliza, tamwambia nini?"

Kagendo akaanza kulikunja taulo. Lakini Hadia alikuwa amekwisha kukichukua kipande cha nyuma, anakigeuza kwenye mwanga. Akapitisha kidole gumba juu yake, akanusa, akakitazama tena kwa jicho moja.

"Hiki hakikuwa chako," akasema.

"Ni cha kikosi, ndiyo."

"Sisemi hivyo. Nasema hakikufanyiwa mwili wako. Mwenyewe alikuwa mtu mrefu, shingo ndefu. Wewe ukikilalia, shavu lako halifiki, ndiyo sababu umefunga hii sponji hapa. Na hapa nyuma kinakuchoma bega, kwa sababu kimezidi urefu. Vidole viwili, labda na nusu."

Kagendo akacheka, cheko la kwanza tangu aingie. "Kocha ananigombeza miaka minne. Kila siku, Kagendo, mbona unapinda shingo kama kuku anayekunywa maji? Mimi nilidhani kosa ni langu."

"Kosa ni la mti."

Kwa miaka sita, tangu baba yake Badawi alipofariki na kumwachia patasi zake, alikuwa amechonga trei za mahoteli ya Manda, vibao vya majina, miguu ya vitanda, na milango minne tu ya maana. Hakuna aliyewahi kumletea kazi ambayo hakujua kama anaiweza. Hii hakujua kama anaiweza. Aliitaka mpaka viganja vikamwasha.

Akamgeukia mama yake. Bi Nana alimtazama bintiye, akafuta mikono kwenye leso.

"Mambo matatu," akasema. "Barua ya mkubwa wako, yenye muhuri, na chifu aisome kwa mato yake. Kile kinachoifanya ilie kibaki Amu. Na risasi hata moya isivuke kizingiti changu."

"Mama, hata kama usingeniambia, ndivyo sheria inavyotaka," Kagendo akajibu, na tayari alikuwa amesimama.

*

Kulikuwa na ubao mmoja wa mbambakofi ghalani ambao Hadia hakuwahi kumpa mtu. Baba yake aliununua kabla Hadia hajaolewa, kwa ajili ya mlango ambao mwenyewe hakurudi kuuchukua. Ulikuwa mzito, mwekundu wa kahawia, na umekauka mpaka ukiugonga unalia kama sufuria. Faiz, mumewe Hadia, aliyekuwa na boti ya faiba ya kuvusha abiria kati ya Pate na Amu, alimkuta anauburura uani.

"Huo si ndio uliomnyima bwana wa hoteli?"

"Yeye alitaka kufanyia meza ya chai."

"Na huyu?"

"Huyu anataka usipinde hata unywele. Mbambakofi haupindi."

Jumatano, Kagendo alirudi na likizo ya siku nne, begi la nguo, na sanduku jeusi lenye kufuli mbili. Barua ilikuwa imetiwa saini na Inspekta Kipchumba, mkubwa wake. Chifu aliisoma mara mbili, akauliza kama na yeye anaweza kuja kutazama, akaambiwa aje. Komeo, kile chuma kinachosukuma risasi ndani na bila hicho bunduki ni bomba tu, lilibaki limefungiwa katika ghala la silaha Amu. Na kwa kuwa chuma kilichokuwa sandukuni hakikuruhusiwa kuwa mbali na macho ya Kagendo, ilibidi Kagendo akae na kulala nyumba ile ile. Bi Nana alimwonyesha kitanda, akamwonyesha birika la maji ya kuogea, kisha akamuuliza kama anakula samaki wa nazi.

Kazi ilianza kwa kupima. Hadia alimlaza Kagendo kifudifudi kwenye jamvi uani, viwiko chini, mikono kana kwamba ameshika bunduki, akampima kama fundi wa nguo anavyompima bibi harusi. Kutoka bega hadi kidole cha kufyatulia. Kutoka mfupa wa shavu hadi jicho. Upana wa kiganja. Alimwambia afumbe macho, alale kama alivyozoea, kisha afumbue bila kusogea.

"Sasa jicho linatazama wapi?"

"Juu ya ukuta. Pale kwenye mkunazi."

"Basi hapo ndipo mwili wako unapotaka kutazama. Mti utakufuata wewe."

Chifu, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, alitikisa kichwa kama aliyefunuliwa siri.

Hadia alichora umbo kwa penseli, akakata kwa msumeno, akapunguza kwa tezo, na kufikia adhuhuri ya Alhamisi ubao ulikuwa umeanza kuonekana utakuwa nini. Sehemu hiyo haikumtisha. Iliyomtisha ilikuwa inafuata: kuchimba nafasi ya chuma.

Chuma lazima kilale ndani ya mti kama mguu ndani ya soksi. Kikigusa upande mmoja tu, kila risasi inapotoka kitasukumwa kidogo, na kidogo hicho, mita hamsini mbele, ni kushinda au kushindwa. Hadia alikuwa na njia aliyoiona kwa baba yake alipokuwa akitia bawaba za milango mikubwa. Aliwasha koroboi, akakusanya masizi chini ya sahani, akayachanganya na mafuta kidogo, akakipaka chuma weusi mwembamba. Kagendo akakishusha kwenye mti kwa mikono miwili, polepole, kisha akakinyanyua. Palipogusa pakabaki alama nyeusi. Hadia akapakwangua hapo tu, unga wa mti, si zaidi. Wakapaka tena. Wakashusha tena.

"Mara ngapi?" Kagendo aliuliza.

"Mpaka weusi uenee kote."

Ilikuwa mara sitini na kitu. Baada ya hapo waliacha kuhesabu. Mikono yao wote wawili ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko, na Kagendo alikuwa na doa puani ambalo Bi Nana alimkataza kulifuta kwa sababu lilimchekesha. Katikati ya kushusha na kunyanyua walizungumza. Kagendo alisimulia kwao Meru, jinsi alivyokuwa akitungua maembe mabichi kwa manati mpaka shangazi yake akamnyang'anya. Hadia alisimulia jinsi baba yake alivyomkataza kugusa patasi hadi alipofika miaka kumi na minne, kisha siku moja akampa bila maneno, akaenda zake msikitini.

Ijumaa jioni, kabla ya magharibi, chuma kilishuka kikakaa. Hakikutikisika. Hadia aligonga mtutu kwa ukucha, mlio ukaenda mpaka mwisho wa mti. Kagendo alimkumbatia kwa nguvu hata kofia ya Hadia ya kujikinga na vumbi ikaanguka.

*

Asubuhi ya Jumamosi Hadia aliharibu.

Alikuwa anafungua nafasi ya kifyatulio, kazi ndogo, amekwisha kuifanya robo tatu. Patasi ilikutana na mshipa wa mti uliojificha, ikateleza ndani. Kipande cha ukubwa wa ukucha wa mkono kikaruka. Pale pale chuma kinapofungwa kwa parafujo, mahali pabaya kuliko pote, pakabaki pengo.

Kagendo alitazama pengo, akamtazama Hadia, akaenda akasimama karibu na kisima akiwapa mgongo.

Hadia aliketi chini. Ubao mwingine hakuwa nao. Hata angekuwa nao, siku hazikuwapo. Alitafuta kwenye sakafu kipande kilichoruka, akakipata, kimevunjika mara tatu.

Faiz aliingia wakati huo huo kutafuta nanga yake ndogo. Alipoona nyuso zao, akainama kutazama.

"Mbona boti yangu ilitoboka tundu kubwa kuliko hili?" akasema. "Na inaelea."

Hadia akamtazama. Kisha akaruka juu kama aliyechomwa na mwiba.

"Gundi! Ile ya mikebe miwili! Iko wapi?"

"Botini. Lakini ile ikishika haiachi..."

"Ilete!"

Gundi ya boti za faiba huja mikebe miwili. Ikichanganywa, baada ya saa chache huwa ngumu kama jiwe. Hadia aliikoroga na unga laini wa mbambakofi uliokuwa umejaa sakafuni mpaka ikawa uji mwekundu. Wangeijaza kwenye pengo, wangeshusha chuma juu yake, na gundi ingechukua umbo la chuma lenyewe, sawasawa kuliko patasi yoyote. Ila kama ingeshika chuma chenyewe, bunduki ya kikosi ingekuwa imeoana na mti milele, na barua ya Inspekta Kipchumba isingesaidia kitu.

Wakakipaka chuma nta ya mshumaa. Kagendo alisugua, Hadia akakagua, Kagendo akasugua tena. Wakashusha. Wakafunga kwa kamba za boti. Wakaliacha jua la Pate lifanye kazi yake.

Baada ya alasiri Hadia alifungua kamba. Akashika mtutu, Kagendo akashika mti, wakavuta.

Hakikutoka.

Wakavuta tena. Hadia akagonga kwa nyundo ya mti, kwanza polepole, kisha si polepole. Chuma hakikusogea hata uzi.

"Tulisugua kila mahali!" Kagendo alisema, sauti imepanda. "Kila mahali!"

Hadia alipindua kitako, akatazama chini, akaona. Tundu la parafujo. Walipaka chuma nta nje, ndani ya tundu hawakupaka, na gundi ilikuwa imepanda humo ikajifunga kama msumari.

Kagendo alijishika kichwa. "Kipchumba ataniua. La, hataniua. Atanipeleka mahali ambapo nitatamani angeniua."

"Ngoja," Hadia alisema, ingawa hakujua angoje nini.

Bi Nana alikuwa ameyafuata yote haya kutoka jikoni. Alitoka ameshika pasi yake ya makaa, ile nzito ya chuma, moshi unatoka pembeni. Alikuwa katikati ya kunyoosha kanzu ya Faiz.

"Gundi hini," akauliza, "haiogopi moto?"

Faiz akapiga paja. "Inaogopa! Boti ikiachwa juani sana viraka hulainika. Wallahi inaogopa!"

Walikunja kitambaa mara nne, wakaloanisha, wakakiweka juu ya chuma ili mti usiungue. Bi Nana mwenyewe akaishusha pasi. Hakumwachia mtu mwingine. Mvuke ulipanda, ukanuka nta na mbambakofi. Wakahesabu hadi mia moja. Akainyanyua, akagusa, akashusha tena. Mia nyingine.

"Sasa," alisema.

Hadia aliingiza bisibisi kwenye tundu la parafujo, akaizungusha. Gundi ikakatika kwa mlio mdogo, *tk*. Akagonga mara moja na nyundo ya mti.

Chuma kiliruka juu, karibu kimwangukie Kagendo mapajani.

Uani palilipuka. Faiz alikuwa anapiga kelele, Kagendo anaruka ruka peku, Hadia anacheka na kulia, na Bi Nana amesimama na pasi yake akisema, "Tahadharini na makaa! Tahadharini na makaa, nyinyi!" Walipotulia wakatazama ndani ya mti. Pengo halikuwapo. Mahali pake palikuwa na ukuta laini, mwekundu, wenye umbo la chuma kamili, hata herufi ndogo zilizopigwa chini ya bunduki zilikuwa zimeacha chapa yake, zimegeuka nyuma mbele.

"Ni bora kuliko kabla sijaharibu," Hadia alisema polepole.

*

Jumapili Kagendo aliondoka na sanduku lake. Kitako kilibaki kwa Hadia kwa kumalizia.

Hii ndiyo sehemu aliyoipenda. Alisugua kwa msasa mkubwa, kisha mdogo, kisha mdogo zaidi. Alikipangusa kwa kitambaa chenye maji ili vinyweleo vya mti visimame, akavinyoa, akapangusa tena, mpaka maji hayakuweza tena kusimamisha kitu. Pale panaposhikwa na mkono, ambapo jasho huteleza, alichonga nakshi ndogo za Kipate, duara na majani yaliyobanana, si za kupendeza tu bali za kushika. Kila asubuhi na kila alasiri alipaka mafuta ya kitani, matone machache, akayasugua kwa kiganja kitupu mpaka kiganja kikapata moto na mti ukapata moto. Kufikia Jumatano jioni mbambakofi ulikuwa na rangi ya tende mbivu, na ukiugeuza mistari ilikuwa inatembea ndani yake.

Bi Nana alikigusa mara moja, kwa kidole kimoja.

"Babako angekitia dosari gani?" aliuliza.

Hadia alifikiri. "Angesema nakshi zimekaribiana mno."

"Zimekaribiana," Bi Nana akakubali. "Lakini nzuri."

*

Alhamisi asubuhi, Faiz alimvusha Hadia na kitako hadi bara, na gari la kikosi likampeleka kwenye uwanja wa shabaha, mahali pa wazi penye tuta la mchanga, ambako Kagendo alikuwa akingoja. Inspekta Kipchumba, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya chini, alimpa viziba masikio, akamwambia, "Bi Hadia, simama hapa nyuma yangu. Ukiogopa, niambie."

Hadia hakuogopa. Alikuwa na hofu nyingine kabisa.

Kagendo alifunga chuma kwenye mti, parafujo mbili, akatia komeo. Akalala kwenye mkeka. Hadia hakutazama karatasi ya shabaha iliyokuwa mbali ndogo kama sarafu. Alitazama shavu. Lilishuka likatua juu ya mti bila kutafuta, na shingo haikupinda.

Kagendo alifumba macho. Akavuta pumzi. Akayafumbua, akabaki hivyo, hakusogea.

Risasi ya kwanza ilikuwa na mlio mdogo kuliko alivyotarajia Hadia, kama kofi. Ya pili. Ya tatu. Tano. Kipchumba aliinama kwenye darubini yake.

"Chini, kulia," alisema.

Hadia akamsogelea. "Nimeharibu?"

"Njoo uone."

Aliweka jicho. Karatasi ilikuja karibu ghafla, na kwenye kona ya duara, mbali na kati, aliona tundu. Moja tu.

"Nne zimepotea?"

"Hazikupotea, Bi," Kipchumba alisema, na sasa sauti yake haikuwa ya chini tena. "Zote tano ziko humo humo. Hapo ni kurekebisha vilengeo tu, dakika moja. Koplo! Unajua umefanya nini?"

Kagendo hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameinua kichwa, anamtazama Hadia, na uso wake wote ulikuwa meno.

*

Jumamosi mtandao wa simu ulikuwa mbaya Pate, ila juu ya paa, upande wa bahari. Kwa hiyo Hadia na Faiz walikuwa juu ya paa tangu saa tatu. Bi Nana, aliyekuwa hajapanda ngazi zile tangu Ramadhani, alipanda, akaketi kwenye kivuli cha tangi la maji na tasbihi yake.

Kipchumba alikuwa amewaeleza. Risasi sitini, mafungu sita ya kumi kumi. Ukipiga kati kila mara ni mia sita. Ili kuingia timu ilibidi kufikisha mia tano na themanini na tano. Kagendo, kwa kitako cha zamani, hakuwahi kupita mia tano sabini na tisa. Kila fungu likiisha Kipchumba, aliyekuwa amefuatana na Kagendo Nairobi, angetuma ujumbe.

Simu ikalia. *97.*

"Hiyo ni nzuri?" Bi Nana aliuliza.

"Nzuri kidogo, mama."

*98.* Kisha *98* nyingine. Faiz alikuwa anapiga hesabu kwa mkaa ukutani, pale karibu na tangi. *98* tena. Hadia hakuweza kuketi. Alitembea kutoka pembe hii ya paa hadi ile, akirudi akisoma namba zile zile.

Kisha kimya kirefu. Kisha: *95.*

Faiz alijumlisha, akajumlisha tena. "Mia nne na themanini na sita. Anahitaji..." Akafuta kwa kiganja, akaandika upya.

"Sema!"

"Tisini na tisa. Katika kumi za mwisho, anaruhusiwa kukosea alama moja tu."

Hadia alishika ukingo wa ukuta. Aliwaza parafujo. Aliwaza joto la Nairobi, kama kuna joto, na kama mti umehisi baridi ya huko ukajikaza. Aliwaza lile pengo na gundi. Bi Nana alikuwa ameacha kuvuta tasbihi; midomo tu ndiyo iliyokuwa inacheza.

Dakika kumi. Dakika kumi na mbili. Alama za mtandao kwenye simu zikashuka hadi moja, zikapotea kabisa.

"Inua juu!" Bi Nana alisema. "Inua mkono!"

Hadia alipanda juu ya tangi la maji. Alikuwa na miaka thelathini na minne, fundi anayeheshimika, na alikuwa amesimama juu ya tangi la maji na mkono hewani mbele ya mji mzima. Alama moja ikarudi. Simu ikatetemeka mkononi mwake.

Haukuwa ujumbe. Alikuwa Kagendo mwenyewe, na mwanzoni hapakuwa na maneno ila kelele za watu na mtu anayevuta pumzi.

"Kagendo! Ngapi?"

"Tisini na tisa," Kagendo alisema. "Hadia, tisini na tisa! Nimeingia! Kwenye lile fungu la tano nilianza kuhesabu alama kichwani, nikajiharibu mwenyewe. Basi nikaacha kuhesabu. Nikaweka shavu tu pale uliponiwekea. Nimeingia!"

Hadia alishuka kwenye tangi bila kujua ameshukaje. Bi Nana alikwisha kunyoosha mkono, akamnyang'anya simu.

"Mwanangu! Umekula?"

Walimsikia Kagendo akicheka na kulia. Alisema hajala. Bi Nana alimwambia aende akale sasa hivi, kisha akasikiliza kidogo, na uso wake ukajaa mshangao.

"Anasema nini?" Hadia aliuliza.

"Asema waamuzi wamekipindua juu tini, wamekipima kwa rula, wamepiga picha nakshi zako. Wamemuuliza kimetoka nti gani."

"Akawajibu?"

"Akawaambia Pate. Mmoja, mgeni wa ng'ambo, akamuuliza Pate ni upande gani wa Ujerumani."

Faiz alicheka mpaka mkaa ukamponyoka. Hadia alikuwa ameketi chini kwenye saruji ya moto, anacheka bila sauti. Kutoka paa la jirani, Asmaa, aliyekuwa anaanika nguo, alipaza sauti kuuliza kuna nini huko, kuna harusi?

Bi Nana alisimama akamjibu juu ya ukuta, akiwa bado ameshika simu, "Tumepata mia tano na thamanini na tano!"

Asmaa hakujua ni mia tano ya nini. Lakini aliiweka ndoo chini, akapiga vigelegele, na nyumba ya tatu wakavipokea.